Pesa ama shule? Uzi kuhusu watoto wachanga

Kila msimu wa kampeni hapa Kisii na Nyamira, mjadala wa vifo vya watoto wachanga huishia palepale. Huyu anasema ni umaskini, yule anasema akina mama hawajasoma. Hebu turudi nyuma kidogo.

Miaka ya 1950 Mmarekani mmoja, Robert LeVine, alikuja kuishi Gusii akichunguza malezi. Alirudi na wenzake 1974. Waliona mama Mkisii akimbeba mtoto, akilala naye, akimnyonyesha mara tu anapolia. Kwanza mtoto aishi, mengine baadaye. Kwa hivyo ile stori ya "mama hajali" tuiweke kando.

Basi shule inaongeza nini? Swali hilo LeVine alilifuata hadi Mexico, Nepal, Venezuela na Zambia, kitabu kikatoka 2012. Jibu ni la kawaida sana: hata miaka michache darasani humzoesha mwanamke lugha ya ofisi, ile ya nesi na ya redio. Anaelewa maagizo, na anaweza kujieleza akiulizwa. Nyanya yangu hakusoma. Kadi ya kliniki ya mamangu alikuwa anasomewa na jirani.

Lakini kumwelewa nesi hakulipi bili. Mwaka 1974 serikali iliondoa karo kuanzia darasa la kwanza hadi la nne. Wasichana walioingia darasani mwaka huo walikuwa wamefika umri wa kuzaa pale ada za hospitali zilipoletwa, Desemba 1989. Wamesoma, wanajua waende wapi, ila mlangoni wanaitishwa pesa.

Tarehe 1 Juni 2013 kujifungua katika hospitali za umma kukatangazwa kuwa bure. Kitaifa, waliozalia kwenye vituo vya afya walikuwa asilimia 61 katika utafiti wa 2014, na 82 katika ule wa 2022. Na vifo vya siku 28 za kwanza? Kati ya utafiti wa 2008-09 na ule wa 2014 vilishuka kutoka 31 hadi 22 kwa kila watoto 1,000. Kufikia 2022 ni 21. Yaani vimekwama.

Mama amefika, jameni. Sasa tuingie wodini: usiku nesi mmoja anaangalia watoto wangapi? Oksijeni iko? Aliyezaliwa kabla ya wakati analazwa wapi? Hospitali zetu ziko chini ya kaunti tangu 2013, na bajeti hupitishwa kila mwaka. Akija wa "pesa ama shule", mwulize chumba cha watoto wachanga kimetengewa ngapi.