Homa ya chanjo haikuwa Ebola: historia ya sindano ya kwanza na ya pili Kivu ya Kaskazini

Tarehe 1 Agosti 2018, Wizara ya Afya ya DRC ilitangaza mlipuko wa Ebola jimboni Kivu ya Kaskazini, baada ya ugonjwa kuonekana Mangina, eneo la Beni. Tarehe 8 mwezi huo huo, chanjo ilianza kutolewa Mangina. Ilikuwa ya dozi moja, na leo inaitwa Ervebo.

Shida moja wakaaji wengi wangali wanaikumbuka. Mtu akiisha kuchomwa sindano, kesho yake mkono unauma, kichwa na viungo pia, mwili unachoka, na homa inaweza kupanda. Na homa ni dalili ya mwanzo ya Ebola. Wakati ule, kwenye vizuizi vya barabarani, wasafiri walinawa mikono na kupimwa joto. Mwenye joto kali aliwekwa kando. Hapo uvumi ukapata nguvu: watu wakasema chanjo ndiyo inaleta Ebola.

Haikuwa kweli. Ervebo imetengenezwa kwa kirusi cha mifugo kilichopewa kipande kimoja tu cha kirusi cha Ebola, ili mwili ujifunze kupigana. Kipande hicho hakiwezi kumpa mtu ugonjwa. Homa ilionyesha kwamba mwili umeanza kazi, na kwa kawaida ilitoka ndani ya siku chache.

Lakini homa haikupaswa kudharauliwa. Kinga inahitaji karibu siku 10 kujengeka, na kuna waliochanjwa wakiwa tayari wameambukizwa. Ndiyo maana wachanjaji walimwangalia mtu dakika 30, kisha wakamfuata siku ya 3 na siku ya 21.

Tarehe 14 Novemba 2019, chanjo nyingine, ya Johnson & Johnson, ilianza mjini Goma, Majengo na Kahembe. Hii ilikuwa na dozi mbili, na kati yao siku 56. Sasa mtu aliyelala na homa mara ya kwanza alitakiwa kurudi achomwe tena. Watu zaidi ya 20,000 walipata dozi ya kwanza. Wengi hawakupata ya pili kwa wakati, kwani mwaka 2020 korona ilifunga mipaka na kuvuruga kazi.

Mlipuko ulitangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 2,287 walikuwa wamekufa.

Tarehe 5 Oktoba 2024, Goma ilianza chanjo ya mpox, nayo ya dozi mbili, kwa siku 28. Kwa wahami, siku 28 ni nyingi: familia inaweza kuhama mara mbili kabla hazijatimia. Kwa hiyo karati ya chanjo itunzwe pamoja na kitambulisho, na muganga wa mahali papya aonyeshwe.

Baada ya sindano, mtu apumzike, anywe maji mengi, na atumie parasetamoli kama muganga alivyoeleza. Homa ikipita siku tatu, au kukiwa na kutapika, kuhara ao kutoka damu, aende kituo cha afya bila kungoja. Uso ukivimba au pumzi ikikata, aende saa ile ile.

Mangina ilifundisha jambo moja: anayechanja aseme mapema kwamba homa inaweza kuja. Homa iliyotangazwa mapema haimkimbizi mtu dozi ya pili.