Injili Moja, Milango Mitatu: Mtume Paulo na Namna ya Kuwafikia Wasikilizaji

Kila anayesimama kusema mbele ya waamini, awe padre, katekista au kiongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, hana budi kujiuliza kwanza: ujumbe huu uingie kwa mlango gani? Ukweli mmoja waweza kuelezwa kwa namna nyingi, na namna tunayoichagua ndiyo humwonesha msikilizaji kama jambo hilo linamhusu. Katika hili Mtume Paulo ni mwalimu wetu.

Paulo mbele ya makutano matatu

Kitabu cha Matendo ya Mitume kinatuonesha Paulo akihutubia watu wa aina tatu. Katika sinagogi la Antiokia ya Pisidia (Mdo 13), mbele ya watu wanaoyajua Maandiko, anaanzia Misri, anapitia Waamuzi, Sauli na Daudi, ndipo anafika kwa Yesu, mzao wa Daudi. Kule Listra (Mdo 14), mbele ya watu waliotaka kumtolea sadaka kana kwamba ni mungu, hataji Musa wala Daudi. Anataja mvua na majira ya mavuno, mambo ambayo kila mkulima anayajua.

Huko Athene (Mdo 17) roho yake ilichukizwa kuona mji umejaa sanamu. Hata hivyo, aliposimama Areopago hakuanza na chukizo lake. Alianza kwa kutambua kwamba Waathene ni watu wa dini, akataja madhabahu yao ya Mungu asiyejulikana, akatumia hata maneno ya washairi wao.

Lakini Paulo hakuishia mlangoni. Alisema waziwazi juu ya toba, hukumu na ufufuko. Wengine walidhihaki, wengine wakataka kumsikiliza tena siku nyingine, na wachache wakaamini, miongoni mwao Dionisio na Damari. Mlango mzuri haumlazimishi mtu kuingia. Humwondolea tu kikwazo kisicho cha lazima.

Tofauti na hila

Je, huku si kuwachezea watu akili? Nabii Nathani anatusaidia kujibu (2 Sam 12). Kwa Daudi, aliyewahi kuwa mchungaji, alisimulia habari ya maskini na mwanakondoo wake mmoja. Mfalme alipokwisha kutoa hukumu, Nathani alimwambia bila kuficha kwamba mtu huyo ni yeye. Hila huficha ukweli ili msemaji apate faida. Nathani aliufunua ukweli ili msikilizaji apate kutubu.

Mafundisho ya Kanisa

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Wosia wa Kitume Evangelii Gaudium wa mwaka 2013, alifundisha kwamba mhubiri alitafakari Neno, na awatafakari pia watu wake (na. 154). Alihimiza pia lugha chanya, inayoonesha jema tunaloweza kutenda kuliko kukazia tu yasiyofaa (na. 159).

Katika maisha ya parokia

Tuchukue mfano wa mchango wa ujenzi. Tumeshuhudia kiongozi akianza kwa kusoma majina ya wasiolipa. Waliolipa hukereka, naye mjane asiye na kitu huinamisha kichwa, na juma linalofuata haonekani jumuiyani. Kiongozi mwingine huanza kwa kuuliza watoto wa mafundisho hukaa wapi mvua inaponyesha. Kiasi ni kilekile na tarehe ni ileile, ila wa pili amewaweka wasikilizaji upande wa watoto, na hata yule mjane anaona kwamba anaweza kuja kubeba mchanga.

Kwa hiyo, kabla ya kusimama kusema, tujiulize mambo matatu. Wanaonisikiliza wanajua nini tayari, na wamebeba mzigo gani? Ni kitu gani chao ninachoweza kukitaja kwa heshima na kwa ukweli? Na je, nikishafunguliwa mlango, nitakuwa na ujasiri wa kusema neno lenyewe nililotumwa?

Anayesahau maswali mawili ya kwanza hubaki nje akipiga kelele. Anayesahau la tatu hukaribishwa vizuri, akaondoka bila kuacha kitu. Tumwombe Roho Mtakatifu atuepushe na yote mawili.