Gitaa Moja
Wajukuu wangu hubishana ni mpiga solo gani wa gitaa aliyewashinda wote duniani. Mimi humtaja Mwenda Jean Bosco wa Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville, sasa Likasi, akipiga "Masanga". Hakuwa na bendi: kidole gumba kilishika besi, cha shahada kikapiga sauti ya juu. Ungedhani ni magitaa mawili.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilimnyang'anya mwanachuo gitaa kwa kupiga wimbo huohuo saa za kujisomea. Nilimwambia ni uhuni.

Bosco alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia. Habari iliponifikia, nililitafuta gitaa lile stoo. Nyuzi zilishaliwa na kutu, na mwenyewe alikwisha hitimu.