Uwajibikaji wa madiwani na wabunge katika fedha za umma (Buswelu)

Buswelu ni kata ya Wilaya ya Ilemela, mkoani Mwanza, na ndipo yalipo makao makuu ya manispaa iliyotengwa na Jiji la Mwanza mwaka 2012. Baraza la madiwani, ambalo mbunge wa jimbo ni mjumbe wake, hupitisha bajeti ya manispaa nzima, ukiwemo ushuru wa dagaa na samaki wa soko la Mwaloni, Kirumba. Mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza.

Madiwani hupitisha, lakini afisa masuuli ni mkurugenzi, mteule wa Rais. Mambo yakiharibika, yeye na wakuu wa idara ndio huulizwa vocha ziko wapi. Kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu (CAG) hukagua hesabu na kumpelekea Rais taarifa, nayo hufikishwa bungeni ndani ya siku saba tangu kikao kinachofuata kianze. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, yaani LAAC, huwahoji wakurugenzi. Diwani aliyenyoosha mkono kupitisha mradi haitwi. Hata “hati safi”, ambayo mabaraza huishangilia, huthibitisha tu kuwa hesabu zimeandaliwa inavyotakiwa. Stendi iliyojengwa mahali pasipo abiria nayo yaweza kuwa na hesabu safi kabisa.

Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, ni jambo jingine. Kamati yake huongozwa na mbunge mwenyewe, yule yule anayetumwa Dodoma kuisimamia serikali.

Kwa viongozi wa juu, mfano mkubwa ni akaunti ya Tegeta Escrow. Mwaka 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali, chini ya Zitto Kabwe, ilifuatilia zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizotoka katika akaunti hiyo iliyokuwa Benki Kuu. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu. Waziri wa Ardhi Anna Tibaijuka, aliyeeleza kuwa fedha alizopokea, zilizohusishwa na akaunti hiyo, zilikuwa mchango wa shule, aliondolewa Desemba. Sospeter Muhongo wa Nishati na Madini akajiuzulu Januari 2015. Mwaka huo huo wapiga kura wa kandokando ya ziwa waliwapeleka wote wawili bungeni, Tibaijuka kwa Muleba Kusini na Muhongo kwa Musoma Vijijini, na Muhongo akarudishiwa wizara. Mpiga kura hupima mengi, chama na ujamaa wa nyumbani vikiwemo. Hesabu ni moja tu kati ya hayo.

Mkaguzi mwenyewe naye hana kinga kamili. Baada ya Profesa Mussa Assad, aliyekuwa CAG, kutaja udhaifu wa Bunge, Bunge liliazimia Aprili 2019 kutofanya naye kazi, na Novemba akabadilishwa. Desemba 2022 Mahakama Kuu ilisema kuondolewa kwake kulikiuka Katiba.

Kenya, katika Ibara ya 104 ya Katiba ya 2010, imewapa wapiga kura haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muda wake kwisha. Kwa Tanzania, rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ya mwaka 2013 ilikuwa na kipengele cha namna hiyo. Katiba Inayopendekezwa ya 2014 ilikiacha nje, nayo yenyewe haijapigiwa kura ya maoni. Diwani wa Buswelu, kama mbunge wake, huulizwa na wapiga kura kila baada ya miaka mitano.