Tangi Limepasuka, au Ziwa Limepanda? Historia Fupi ya Sakafu Zetu

Chukua kitabu cha Kiingereza kinachofundisha kufuga samaki wa mapambo nyumbani, fungua pale kinapoeleza cha kufanya tangi likipasuka. Utasoma habari za mbao. Mbao zinavimba, zinapinda, zinaota ukungu kwa chini, na maji yanamdondokea jirani wa ghorofa ya pili. Sasa wewe unakaa Pasiansi. Nyumba ni ya chini, sakafu ni ya saruji au umeweka marumaru, na chini yako hakuna jirani, kuna kifusi na udongo tu. Ushauri ule haukufai sana, na sababu yake ni ya kihistoria.

Tangi la samaki la sebuleni lilipata umaarufu London. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington alieleza namna samaki, konokono na mimea ya majini wanavyoweza kukaa kwenye chombo kimoja na maji yasioze. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki kwa watazamaji, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake *The Aquarium*. Basi, homa ikawapata watu wenye nafasi: kila sebule tangi. Yale matangi yalikuwa na fremu za chuma, vioo vimezibwa kwa puti. Chuma kikishika kutu na puti ikikauka, maji yanatoka, na yanatokea juu ya sakafu ya mbao. Ndiyo maana ushauri wote ulianzia kwenye mbao. Gundi ya silikoni, iliyoanza kutumika kwa kazi hii miaka ya 1960, ndiyo iliyowezesha vioo vishikane vyenyewe bila fremu, na ndivyo fundi vioo wa mjini anavyokuungia tangi lako leo.

Hapo niingize jambo moja kabla hatujashuka sakafuni. Baadhi ya matangi ya Ulaya na Marekani yana samaki wa kwetu. Ziwa Victoria lilikuwa na takribani spishi 500 za furu. Sangara alipandikizwa ziwani kati ya miaka ya 1950 na 1960, na kwenye miaka ya 1980 akafumuka hapa Ghuba ya Mwanza. Watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, walikuwa wakifanya kazi kwenye ghuba hii tangu miaka ya 1970, wakashuhudia furu wakitoweka kwenye nyavu zao mwaka hadi mwaka. Baadhi walikuwa wameshapelekwa nje wakiwa hai, wakazaliana huko. Zipo spishi ambazo leo zinajulikana kuishi kwenye matangi tu. Tangi la namna hiyo likipasuka usiku, sakafu ndiyo hasara ndogo.

Turudi nyumbani. Sakafu ya zamani ya Usukumani ilikuwa udongo ulioshindiliwa na kusiribwa kwa samadi ya ng'ombe. Watu huidharau, lakini kwa upande wa maji ilikuwa na akili yake. Ukimwaga ndoo, inanyonya, inalainika, na jua likiingia mlangoni inakauka, kwa sababu haina kitu cha kufungia unyevu ndani. Ikiharibika, mama anaisiriba upya. Saruji ilikuja baadaye. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, mizigo mizito ilipata njia ya moja kwa moja kutoka pwani. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilipoanza uzalishaji mwaka 1966, saruji ikawa ya kwetu. Siku hizi marumaru zimefika hadi kwenye nyumba za kupanga.

Kila hatua ilifanya sakafu iwe ngumu zaidi na rahisi kupiga deki. Wengi wetu tukadhani pia imekuwa haipitishi maji. Haiko hivyo. Zege lina vinyweleo vidogo mno, na ndani yake maji hupanda kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Hakuna anayeyasukuma, yanavutwa na kuta za vinyweleo vyenyewe. Marumaru yenyewe haipitishi maji kirahisi, lakini viungo vyake hupitisha. Maji yakishaingia chini yake, hayana pa kutokea isipokuwa pembeni, kwenye kuta.

Sasa tupige hesabu. Tangi la sentimita 100 kwa 40 kwa 50 lina lita 200, yaani kilo 200 za maji. Likimwagika lote kwenye chumba cha mita 3 kwa 4, linatoa kina cha milimita 17 hivi. Ni kidogo. Lakini maji hayo yakilala usiku kucha, plasta ya chini ya ukuta inayanyonya, na baada ya wiki kadhaa utaona rangi inabanduka na unga mweupe unatoka. Ule si ukungu. Ni chumvi iliyokuwemo kwenye saruji, tofali na udongo. Maji yaliiyeyusha, yakafika juu, yakakauka, yakaiacha. Isugue kwa brashi kavu. Ukiiosha unairudisha ndani.

Mambo ya haraka unayajua: zima umeme kwanza, maana pampu na hita ya tangi vina nyaya (na kama kuifikia meinswichi ni lazima ukanyage maji, usiende). Kisha chota, toa zulia, nyanyua kabati na godoro, fungua madirisha, washa feni. Kinachowashinda wengi ni subira. Kanuni ya kukadiria ni kwamba zege lililolowa ndani huchukua kama mwezi mmoja kukauka kwa kila sentimita 2.5 za unene. Dimbwi la saa mbili halifiki huko. La siku mbili linaweza. Ukikimbilia kupaka rangi ya mafuta ukutani, unyevu unafungiwa, rangi inatoa malengelenge, na fundi analaumiwa bure. Kwa marumaru, gonga kila moja kwa sarafu. Inayolia kama kopo tupu imeachia chini.

Lakini kwa sisi tulio ufukweni kuna swali linalotangulia hayo yote: una uhakika hayo ni maji ya tangi?

Mvua za mwisho wa mwaka 1961 zilikuwa kubwa kupita kawaida, na kati ya mwaka huo na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia Ziwa Victoria, kama asilimia 80, ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, Nile kule Jinja. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 68,800, kwa hiyo kila mita inayoongezeka ni karibu kilomita 69 za ujazo. Kitu kama hicho hakishuki kwa wiki. Mwaka 1964 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.4 hivi. Mwaka 2006 maji yalishuka sana, fukwe zikawa pana, na kwa maoni yangu hapo ndipo makosa mengi yalipojengwa: nyumba ziliufuata ufukwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, lakini ukingo wa mwaka upi? Mwaka 2020 maji yalirudi kwenye kimo kile cha 1964, na yakaingia kwenye nyumba na mialo ya nchi zote tatu.

Kabla ziwa halijafika mlangoni, hupanda chini ya ardhi. Kwenye nyumba za chini, kama fundi hakutandika nailoni chini ya zege, sakafu inakuwa utambi. Hapo unaweza kupiga deki mwaka mzima.

Kipimo chake hakina gharama. Kata kipande cha nailoni inayoonyesha, nusu mita kwa nusu mita. Kibandike sakafuni pande zote kwa selotepu pana, kwenye chumba ambacho maji ya tangi hayakufika, mahali pasipo na jua. Kiache hadi kesho yake. Kikiwa kikavu kwa chini, shughulika na tangi lako. Ukikuta matone yameganda upande wa sakafuni, maji yanatoka ardhini. Rudia wakati wa kiangazi, mwezi wa saba au wa nane, uone kama yamepungua kabla hujamlipa mtu akung'olee marumaru.