Dole la Mangungo na Kitufe cha Kukubali

Mtoni kwa Azizi Ali, mkataba wa kulinda duka bado unachapwa steshenari, unatiwa saini mbele ya mashahidi, kisha unapelekwa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ugongwe muhuri. Mwaka ukiisha, karatasi haionekani tena. Unaingia ujumbe kwenye simu: mkataba unahuishwa, bonyeza ukubali. Mtu anabonyeza akiwa ndani ya daladala ya Mbagala. Je, mkataba umemfunga?

Nchi hii inazijua alama ndogo zilizozaa mambo makubwa. Novemba 1884, huko Msovero, Usagara, Chifu Mangungo alitia alama yake kwenye hati ya Mjerumani Carl Peters iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma. Februari 1885 serikali ya Bismarck ikampa Peters hati ya ulinzi, na ukoloni wa Kijerumani ukapata mlango. Hadi leo mkataba mbovu tunauita wa Mangungo. Lakini ubovu haukuwa kwenye alama. Alichokiridhia yeye hakikuwa kile kilichoandikwa.

Miaka 26 kabla ya alama ya Mangungo, huko Bengal, India, afisa wa Kiingereza William Herschel alimpaka mzabuni Konai wino kiganjani na kukigandamiza kwenye mkataba wa vifaa vya barabara, ili asije akaukana. Kutoka India hiyohiyo ilikuja Sheria ya Mikataba ya mwaka 1872, ambayo Waingereza waliileta Tanganyika, na ambayo ndiyo mwili wa sheria yetu ya 1961, Sura ya 345. Kifungu cha 10 kinataka ridhaa huru, watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, badala halali na lengo halali. Wino hakiutaji, ingawa mambo kama kuuza ardhi yana sheria yake inayodai maandishi. Na ridhaa, kwa sheria hiyo, ni watu kukubaliana jambo moja kwa maana ileile. Kwangu mimi, kipimo hicho kingemtosha Mangungo.

Mahakama zilifika kwenye kompyuta kabla ya Bunge. Mwaka 2000, katika kesi ya Trust Bank, Jaji Nsekela alikubali kwamba taarifa za benki zilizochapwa na kompyuta ni vitabu vya benki. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ikafuata mwaka 2015: mkataba haukosi nguvu kwa kuwa umefungwa kielektroniki, na saini iliyo salama ni ile inayomtambulisha mwenyewe, iliyo mikononi mwake peke yake, na inayofichua waraka ukichezewa.

Kwa hiyo yule wa kwenye daladala amefungwa, kama alijua anachokubali. Wakifika mahakamani, anayeudai mkataba ndiye atakayethibitisha kwamba simu ilikuwa mkononi mwa mwenyewe, na kwamba maneno yaliyoletwa mbele ya hakimu ndiyo yaleyale aliyoyaona siku ile.