SEHEMU YA 4: Barafu ya kale na uvimbe wa shingo

Wengi mmeuliza kwa nini kliniki tunakazania chumvi yenye madini joto. Leo nawajibu kwa historia, tena ya mbali: milima ya Alps, kule Uswisi.

Miaka kama 24,000 iliyopita, sehemu kubwa ya Uswisi ilikuwa chini ya barafu. Kwenye mabonde unene wake ulipita mita 1,000. Barafu nzito hivyo haitulii, uzito wake wenyewe unaisukuma iteremke polepole kama uji mzito, ikikokota mawe makubwa kuliko nyumba na kukwangua ardhi kama unavyokwangua ukoko wa sufuria.

Aliyeisoma alama hiyo mapema ni mwindaji wa milimani, Jean-Pierre Perraudin. Mwaka 1815 alimwambia mtaalamu wa migodi, Jean de Charpentier, kwamba yale mawe makubwa yaliyolala mbali na kilele yaliletwa na barafu. Charpentier hakuamini hata kidogo. Baadaye mhandisi Ignaz Venetz alichunguza, akamshawishi. Mwaka 1837 Louis Agassiz akasimama mbele ya wanasayansi mjini Neuchâtel kutangaza kwamba dunia iliwahi kupita enzi ya barafu.

Sasa hii inamhusu nini mama mjamzito? Subirini.

Madini joto mengi yapo baharini. Mvua huyaleta nchi kavu kidogo kidogo, udongo ukayakusanya kwa maelfu ya miaka. Barafu ilipopita, iliondoka na ule udongo wa zamani. Ilipoyeyuka ikaacha maziwa na mabonde ya kupendeza, lakini udongo mpya ulikuwa maskini wa madini joto. Nyasi zikakosa, ng'ombe akakosa, maziwa na mboga vikakosa, na mama aliyekula vya shambani kwake naye akakosa.

Tezi ya shingoni isipopata madini joto huvimba. Hilo ndilo rovu, wengine mnaita goita. Kwa mtoto aliye tumboni ni kubwa zaidi, maana ubongo wake unayahitaji ili ukue. Kwa karne nyingi, vijijini Uswisi watu wenye rovu walikuwa wa kawaida kabisa, na watoto wengine walizaliwa viziwi, wakadumaa mwili na akili. Watu wakalaumu maji, hewa, ukoo na uchafu. Baadaye daktari wa upasuaji Franz Merke alilinganisha ramani ya rovu na ramani ya barafu ya kale, akaona zinaendana.

Dawa ilichelewa kukubalika. Mwaka 1820 Jean-François Coindet wa Geneva alitibu rovu kwa madini joto, ila dozi za wakati ule zilikuwa kubwa, wengine wakaugua, watu wakaogopa. Karibu miaka 100 ikapita. Mwaka 1918 daktari Otto Bayard akachanganya kiasi kidogo mno kwenye chumvi, akazipa familia za kijiji cha Grächen. Rovu zikaanza kupungua. Mwaka 1922 daktari Hans Eggenberger akawashawishi watu wa jimbo lake, Appenzell Ausserrhoden, na chumvi hiyo ikaanza kuuzwa madukani. Watoto wakaanza kuzaliwa bila rovu. Mwili wako kwa miaka 70 hauhitaji madini joto yanayofika hata kijiko kimoja cha chai, jamani! Ni kidogo hivyo, lakini kikikosekana ujauzitoni, madhara kwa ubongo wa mtoto hayarudishiki.

Kwetu nyanda za juu si lazima barafu ipite. Mvua kubwa kwenye miteremko nayo huosha madini joto ardhini, ndiyo maana rovu limekuwa likionekana sana huko.

Basi, ukienda dukani geuza pakiti, usome kama imeandikwa ina madini joto. Nyumbani itunze kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua, moto na unyevu. Itie chakula kinapokaribia kuiva. Usizidishe chumvi ukidhani unaongeza kinga, kiasi chako cha kawaida kinatosha. Na ukiona shingo imevimba, hasa ukiwa mjamzito, usiifunike na mtandio ukanyamaza. Njoo kituoni tukuangalie.

Mtumie na dada yako aliyepata ujauzito juzi. Maswali yaandikeni hapo chini, nikitoka zamu nitayajibu.